Njia ya mwalimu wa kapoeira: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wanaofikiria kufundisha, wa wakufunzi walioanza juzi, na wa wazazi wanaotaka kujua mtoto wao anafundishwa nini. Majina ya Kireno tumeyaacha pale ambapo kila kikundi duniani huyatumia.

Kapoeira ni ngoma, mchezo au mapigano?

Ni vyote vitatu kwa pamoja, na mwalimu anayekiacha kimoja anafundisha kitu kingine. Wawili wanacheza katikati ya duara liitwalo roda (Wabrazili hutamka "hoda"). Waliobaki wanapiga vyombo, wanaimba na kuitikia. Teke ni swali, kukwepa ni jibu, na jibu zuri huzaa swali jipya. Hakuna refa wala pointi. Aliyewahi kuona kirumbizi Lamu ataelewa upesi: wawili wanaingia kati na fimbo zao, muziki unawaongoza, watu wamewazunguka.

Kwa nini mwalimu ajue historia? Si mazoezi ya mwili tu?

Kwa sababu karibu kila kitu unachokifundisha kina sababu yake huko. Waafrika waliopelekwa Brazili utumwani walikaribia milioni tano, wengi wao kutoka Angola na Kongo. Karne ya 19 wengi walichukuliwa pia Msumbiji, kupitia bandari kama Quelimane na Kisiwa cha Msumbiji. Utumwa ulifutwa mwaka 1888. Miaka miwili tu baadaye, sheria ya makosa ya jinai ya 1890 iliifanya kapoeira ya mitaani kuwa kosa, kifungo miezi miwili hadi sita, na viongozi wa makundi waliadhibiwa maradufu. Mdundo wa berimbau (upinde wa waya mmoja na kibuyu, chombo kikuu cha kapoeira) uitwao kavalaria unasimuliwa kuwa ulipigwa kutahadharisha kwamba askari wa farasi wanakuja.

Mwaka 1932 Mestre (mwalimu mkuu) Bimba, yaani Manuel dos Reis Machado, alifungua shule yake Salvador, Bahia, nayo ikatambuliwa rasmi mwaka 1937. Mwaka 1941 Vicente Ferreira Pastinha alianzisha kituo chake cha Kapoeira Angola katika mji huohuo. Mwaka 2014 UNESCO iliiingiza roda ya kapoeira katika orodha ya urithi wa binadamu usioshikika. Mwanafunzi anayejua kwamba watu walifungwa kwa ajili ya mchezo huu hasimami kwenye duara huku akichezea simu.

Nifundishe Angola, Regional, au mchanganyiko?

Fundisha ulichofundishwa. Angola ya Pastinha huchezwa chini na karibu, mara nyingi polepole, na ujanja mwingi. Wachezaji huvaa viatu, na katika vikundi vingi vya ukoo wake rangi ni njano na nyeusi. Regional ya Bimba imesimama zaidi, ina kasi, na ina mafunzo yaliyopangwa: mifuatano minane ya mashambulizi na kukwepa ambayo wawili huifanya pamoja. Vikundi vingi vya leo huchanganya, nao huvaa suruali nyeupe na kucheza peku. Kosa ni mkufunzi wa mtindo mmoja kuiga mwingine kwa kutazama video, kisha akauuza kama wake. Wanafunzi wake wakienda roda ya watu wengine ndiko wanakoumbuka, si yeye.

Itanichukua miaka mingapi kuwa mkufunzi?

Katika vikundi vingi ni miaka sita hadi kumi ya mazoezi yasiyokatika, mara tatu kwa wiki au zaidi. Ngazi za kawaida ni mwanafunzi, graduado, monitori, mkufunzi, profesa, kontramestre, kisha mestre. Umestre hauji kabla ya miaka ishirini hivi, na hauombwi: unapewa na mestre wako mbele ya mamestre wengine. Rangi za kamba, ile ya kiunoni inayoonyesha ngazi, hutofautiana kutoka kikundi hadi kikundi. Buluu ya huku inaweza kuwa kamba ya mwanafunzi na kwa jirani ikawa ya mwalimu, kwa hiyo usimpime mtu kwa kamba yake. Vikundi vya Angola kwa kawaida havina kamba kabisa.

Miaka peke yake haitoshi. Kuna mtu mwenye miaka kumi ambaye kwa kweli ana mwaka mmoja aliourudia mara kumi, kwa kuwa hajawahi kushika gunga, berimbau inayoongoza duara, wala kuongoza wimbo.

Basi nitajuaje kwamba niko tayari?

Jipime hivi. Je, unaweza kupiga berimbau dakika ishirini mfululizo bila mdundo kukimbia? Unaweza kuimba ladainya, ule wimbo mrefu wa kufungulia, kisha ukawapokea waitikiaji bila kusita? Unaweza kufundisha kukwepa kulekule kwa njia tatu: kwa mwenye goti bovu, kwa mtoto wa miaka minane, na kwa kijana aliyetoka karate na mwili umekakamaa? Ukimtazama mtu anayerusha teke, unaona mguu wake wa kusimamia, au macho yako yanafuata ule uliopaa?

Tena kuna kipimo kikubwa kuliko vyote, nacho hakionekani kwenye video: kusimamisha teke sentimita tano kabla ya shavu la mwenzako, halafu ukaendelea kucheza kana kwamba hakuna kilichotokea. Anayejua kupiga ni wengi. Anayejua kuuonyesha wazi mlango ulio wazi kwa mwenzake, asiupite kwa nguvu, huyo ndiye wa kukabidhiwa wanafunzi wapya.

Darasa la kwanza nianze na nini?

Ginga. Neno hili hutamkwa karibu na "jinga" letu na wapya hucheka, waache wacheke. Ni mwendo wa msingi ambao kila kitu hutoka na kurudi kwake.

Chora pembetatu kwa chaki sakafuni: nukta mbili mbele, zimeachana kwa upana wa mabega au zaidi kidogo, na moja nyuma, umbali wa hatua ndefu. Mwanafunzi asimame kwenye nukta mbili za mbele, magoti yamekunjwa. Mguu wa kulia urudi nyuma hadi nukta ya tatu, uguse chini kwa sehemu ya mbele ya unyayo, kisigino kikiwa juu. Papo hapo mkono wa kulia, wa upande uleule wa mguu uliorudi, uje mbele ya uso, kiwiko kikielekea kwa mwenzake. Mguu urudi mahali pake, kisha zamu ya kushoto. Mkono wa kinga daima hufuata mguu wa nyuma. Wapya wengi hufanya kinyume, kwa sababu tukitembea mikono na miguu hupishana.

Makosa mengine utayaona kila wiki. Mguu wa nyuma ukipita nyuma ya ule wa mbele, miguu inakuwa imepangana kwenye mstari mmoja kama mtu anayetembea juu ya kamba, na ngwara ndogo tu itamlaza. Kisigino cha nyuma kikikanyaga chini, anachelewa kuondoka. Kichwa kikipanda na kushuka, magoti yananyooka katikati ya hatua: mwambie apite chini ya kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa usawa wa kidevu chake. Na macho yakitazama sakafu, simama mbele yake.

Hilo la mwisho Bimba alilitibu kwa njia ambayo hatujaona iliyo bora. Alimshika mwanafunzi mpya mikono yote miwili, wakatazamana, akaicheza ginga naye. Ukishikwa mikono huwezi kujificha kwenye miguu yako. Unalazimika kumsikiliza mtu aliye mbele yako, mdundo unapita mikononi kabla haujafika akilini. Wanafunzi kumi na wawili ukiwachukua mmoja mmoja, dakika mbili kila mmoja, ni chini ya nusu saa, na hakuna namna bora ya kuitumia nusu saa hiyo.

Na mateke yaanze lini?

Baada ya kukwepa, kila mara. Mwezi wa kwanza fundisha kokorinya (kuchuchumaa nyayo zote zikikanyaga, mkono mmoja chini ubavuni, mwingine unakinga uso), negativa (kushuka chini mguu mmoja umenyooshwa), na rolé (kuzunguka chini chini huku macho hayamwachi mwenzako). Kisha fundisha teke pamoja na jibu lake, wawili wawili: meya lua de frenti, teke la upinde linalotoka nje kuja ndani, likipokewa na kokorinya. Mkufunzi anayefundisha mateke kwanza hupata darasa la watu wanaoogopana, na watu wanaoogopana hukaa mbali, na kwa umbali ule hakuna kapoeira. Miongoni mwa mawaidha ya Bimba lilikuwamo hili: usiogope kumkaribia mpinzani, ukiwa karibu ndipo utakapojifunza.

Darasa la dakika tisini tunaligawa takriban hivi: dakika 15 za kupasha mwili joto, 25 za ginga na kukwepa, 25 za kazi ya wawili wawili, 10 za muziki, 15 za duara. Muda ukibana, punguza chochote isipokuwa duara.

Majeraha gani hutokea sana, na yanatoka wapi?

Goti linaongoza. Kwenye mateke ya kuzunguka kama armada, au meya lua de kompasu (kisigino kinapita juu huku mikono imegusa chini), mguu wa kusimamia usipogeuka pamoja na nyonga, kusokotwa kote kunaishia kwenye goti. Sababu huwa ni mbili: viatu vinavyong'ang'ania sakafu, au mwanafunzi kurusha teke kabla hajaugeuza unyayo. Mfundishe kwanza bila teke: hatua, geuza, mikono chini, tazama kati ya miguu yako umwone mwenzako, simama. Mara hamsini. Teke litakuja lenyewe.

Kifundo cha mkono ni cha pili. Katika aú, lile gurudumu letu, mikono ishuke mmoja baada ya mwingine, vidole vimetanuliwa, viwiko vimelegea kidogo. Anayejitupa juu ya mkono mmoja ulionyooka ataumia. Tatu ni nyama za nyuma ya paja, kwa wanaorusha mateke ya juu mwili ukiwa baridi. Saa, pete, mkufu na hereni zitoke kabla ya kuanza. Zulia jembamba linaloteleza ni hatari kuliko saruji tupu.

Mimi nataka kufundisha mwili tu. Berimbau ya nini?

Berimbau ndiyo inayoamua mchezo uwe wa namna gani, wa kasi gani, uanze lini na uishe lini. Mwalimu asiyeipiga ni kama nahodha asiyeshika usukani. Katika duara la Angola kuna vyombo vinane: berimbau tatu, matari mawili, ngoma ndefu iitwayo atabake, agogo (kengele pacha), na rekoreko ya kukwaruza. Bimba alitosheka na berimbau moja na matari mawili. Gunga, yenye sauti nzito kuliko zote, ndiyo inayotoa amri. Medio hujibu, na viola, nyembamba ya sauti, hupambapamba.

Naweza kutengeneza berimbau mwenyewe?

Unaweza, na mkufunzi anapaswa kujua. Brazili hutumia mti wa biriba. Huku tafuta ufito ulionyooka usio na fundo, urefu wa mita 1.5 hivi, unene wa sentimita mbili au zaidi kidogo, unaopindika na kurudi. Mwanzi mkavu mnene pia unafaa kuanzia. Chonga ncha ya chini ibakie kisigino cha kuzuilia waya. Ncha ya juu igongelee kipande cha ngozi nene, la sivyo waya utaupasua mti kama kisu.

Waya hutoka ndani ya ukingo wa tairi la gari. Mafundi wa katambuga, au akala kama wanavyoita Kenya, hutumia sehemu ya kukanyagia, na ukingo mara nyingi hubaki. Ukate kwa kisu kikali na uchomoe waya mmoja mmoja. Usichome tairi, moshi wake ni sumu na moto huudhoofisha waya. Usugue kwa msasa mpaka ung'ae, kunja kitanzi kila upande.

Kibuyu kiwe kikavu kabisa, mdomo umekatwa wazi, ndani kumekwanguliwa mbegu na utando wote. Toboa matundu mawili kitakoni, pitisha uzi mnene, ukifunge kwenye mti na waya kwa pamoja, takriban sentimita 20 hadi 25 kutoka ncha ya chini. Sauti ikiwa imezibwa, kisogeze juu au chini sentimita moja moja mpaka kiitikie. Utahitaji pia kijiti cha sentimita 30 hadi 40, jiwe laini la mtoni au sarafu kubwa, na kashishi, manyanga madogo ya kusukwa yanayokaa mkono wa kijiti.

Uzito wote hulala juu ya kidole kidogo, kilichopita chini ya uzi wa kibuyu. Wiki tatu za kwanza kitauma hadi utamani kuacha. Piga dakika tano, pumzisha, rudia. Sauti ni tatu: wazi, ya juu (jiwe limebana waya), na ya kukwaruza (jiwe limegusa tu). Mdundo wa Angola huenda kukwaruza mara mbili, wazi, juu. São Bento Pequeno ni kinyume chake: kukwaruza mara mbili, juu, wazi. Ukimaliza kupiga legeza waya, mti ukiachwa umepindwa usiku kucha hupoteza nguvu yake.

Nyimbo ziimbwe kwa Kireno au Kiswahili?

Anza na Kireno, na utafsiri kila neno. Kuimbisha watu maneno wasiyoyajua, tena mengine yakisimulia utumwa, ni kuwakosea heshima waliomo ndani ya nyimbo hizo na wanaoziimba. Baadaye tungeni zenu. Korido, nyimbo fupi za kupokezana, zinahitaji kiitikio kifupi kisichobadilika, na hapo Kiswahili kiko nyumbani: kipande cha mizani nane hukaa vizuri juu ya mdundo, na vokali za mwisho hurahisisha kuitikia kwa pamoja. Hakikisha tu kwamba mkazo wa neno unaangukia pigo la ngoma. Usipoangukia, waitikiaji watakuwa wanavutana na matari.

Je, kapoeira ni dini? Mwanangu ni Mwislamu / Mlokole.

Si dini. Nyimbo hutaja Mungu, watakatifu wa Kikatoliki, na wakati mwingine miungu ya Kandomble, dini ya Wabrazili wenye asili ya Afrika, kwa sababu hao ndio waliotunga. Baadhi ya wachezaji hufanya ishara ya msalaba kabla ya kuingia, wengine hugusa sakafu tu. Mwalimu asimlazimishe mtu hata kimoja. Mzazi akiuliza maana ya wimbo, mweleze yote bila kuficha, na kama kuna mstari ambao mtoto hataki kuuimba, apige makofi.

Ujanja hufundishwaje? Si ni kufundisha watu udanganyifu?

Kinachoitwa malisia ni werevu wa kusoma nia ya mwenzako na kuificha yako. Kwa watoto tumia Sungura: yeye hana nguvu za Fisi wala Simba, ana macho na subira. Zoezi moja linalofaa: wawili wacheze dakika mbili, mateke hayaruhusiwi, kila mmoja anatafuta tu kuugusa mgongo wa mwenzake. Baada ya dakika moja wataanza kudanganya kwa bega, kwa macho, kwa kujifanya wamechoka. Hapo ndipo wamejifunza zaidi ya mateke mia.

Ngwara ifundishwe kwa wapya?

Kuangukia kwanza, miezi miwili au mitatu. Kisha ngwara ya polepole: unashuka chini, unaunasa mguu wa kusimamia nyuma ya kisigino kwa kukunja enka yako, halafu unavuta. Wanaoumizana ni wale wanaopiga teke badala ya kuvuta. Mara nyingi inatosha kuweka mguu pale na kuonyesha kwamba ungeweza.

Watoto waanze na miaka mingapi?

Minne au mitano kwa michezo ya wanyama na nyimbo, dakika 45 tu. Mazoezi yenye mpangilio, kuanzia saba. Usiwatie kwenye mashindano ya nani anaruka juu zaidi.

Mjini kwetu hakuna mestre. Nianzishe darasa?

Anzisha kundi la mazoezi, usiliite shule. Tofauti si ya maneno. Kundi la mazoezi lina mestre au mwalimu wa mbali anayejua kwamba lipo, anayetumiwa video na kurekebisha, na anayetembelewa au kualikwa angalau mara moja kwa mwaka, pengine siku ya batizado wanafunzi wapya wanapopewa kamba ya kwanza na jina la kapoeira. Mwandikie kwanza, eleza umejifunza nini na kwa nani, omba ruhusa. Waambie na wanafunzi ukweli huohuo. Mtu aliyejifunza miezi minane mtandaoni akafunga kamba ya mwalimu atafichuka siku mgeni wa kwanza atakapoingia kwenye duara lake na kumpa gunga apige.

Nifanye nini mchezo ukigeuka ugomvi?

Usisubiri ngumi. Dalili huja mapema: wameacha ginga, mabega yamepanda, mikono imefungwa, hawaimbi wala hawatabasamu. Punguza kasi ya mdundo. Wengi hutulia hapo. Wasipotulia, piga gunga pigo moja moja la haraka, ndio mwito wa kurudi mbele ya berimbau. Wachuchumae, wapeane mikono, kisha waanze upya au waingie wengine. Asiyeitika mwito huo hatacheza tena siku hiyo, awe mgeni au mwanafunzi wako bora. Baada ya duara kaa nao wawili pamoja, uliza kila mmoja aliona nini, usianze na nani alianza. Na kama aliyepandisha hasira ni wewe mwalimu, mkabidhi mwingine gunga, toka nje, unywe maji, kisha rudi umwombe radhi uliyecheza naye mbele ya wale wale walioona.